Pamba, Almasi na Dhahabu: Habari za Mali ya Nchi Yetu

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha kutimia miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wengine wameandika habari za hesabu, za maghala na za mikutano. Sisi tumepewa kazi ya kueleza habari za mali ya nchi ambamo chama hiki kimezaliwa, yaani Shinyanga pamoja na ukanda wa dhahabu wa Geita. Twaiona kazi hii kuwa ya maana, kwa kuwa mkulima asiyejua mali ya nchi yake ilitoka wapi na ilipita mikononi mwa nani, hawezi kujua ni kitu gani anachokilinda anapotoa kiingilio na kununua hisa.

Nchi yetu ina mali za namna mbili. Iko mali iliyo juu ya udongo: pamba, mpunga, mahindi, mifugo na miti. Mali hiyo huvunwa mwaka huu na kurudi tena mwaka ujao, maadamu mvua inanyesha na udongo haujachoshwa. Iko pia mali iliyo chini ya udongo, nayo ni dhahabu na almasi; hiyo ikichukuliwa haioti tena. Lakini mali zote mbili zinafanana kwa jambo moja. Hazimtajirishi mtu kwa sababu tu zimo katika nchi yake. Humtajirisha yule ashikaye mzani na kuijua bei. Hilo ndilo tunalokusudia kulionyesha.

KAZI ZA WAZEE WETU

Wako wanaodhani kwamba viwanda vililetwa katika nchi hii na wageni. Sivyo. Katika nchi ya Uzinza, ambayo leo imo katika sehemu za Geita, Sengerema na Biharamulo, walikuwako mafundi walioitwa Warongo, waliokuwa hodari sana wa kuyeyusha chuma. Walichimba mawe ya chuma, wakachoma makaa, wakajenga tanuru na kuvukuta kwa mivukuto mpaka chuma kikatoka. Majembe yao yalipelekwa Usukuma na Unyamwezi, yakabadilishwa kwa vitu vingine, na hata mahari yalilipwa kwa majembe. Majembe ya bei rahisi kutoka Ulaya yalipoenea, tanuru hizo zilizimika moja baada ya nyingine. Chuma hakikwisha ardhini. Kilichokwisha ni soko la kazi ya wazee wetu. Hilo ni funzo la kwanza katika historia hii.

PAMBA NA RELI

Kilimo cha pamba ya kuuza kilianza kuenezwa wakati wa utawala wa Wajerumani, kikakua wakati wa Waingereza. Mwanzoni pamba ya kando ya Ziwa ilisafiri kwa meli hadi Kisumu, na kutoka huko kwa reli hadi Mombasa. Mwaka 1928 reli itokayo Tabora ilifika Mwanza, nayo ilipita Shinyanga. Tangu hapo robota la pamba liliweza kutoka katikati ya Usukuma hadi bandari ya Dar es Salaam. Miaka iliyofuata, kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilianza kutoa mbegu zilizostahimili wadudu na kuzaa vizuri zaidi kuliko zile za zamani.

Hivyo mkulima wa Shinyanga aliingia katika biashara ya dunia. Alilima kwa mkono, akapalilia na mkewe na watoto wake, akachuma, akachagua pamba safi na fifi, akabeba mzigo mpaka dukani. Hapo dukani ndipo mateso yalipoanza.

MZANI

Wanunuzi wa pamba na wenye vinu vya kuchambulia hawakuwa wakulima. Wao ndio waliokuwa na mzani, na wao ndio waliousoma. Mkulima, ambaye mara nyingi hakufundishwa kusoma, aliambiwa uzito wa jasho lake kwa mdomo tu. Malalamiko ya kupunjwa yalijaa nchi nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma waliamua jambo ambalo kwa macho ya leo laonekana dogo, lakini lilikuwa kubwa: walijipangia watu wao wenyewe wa kupima. Mkulima akapima pamba yake kwanza kwa mwenzake, akaujua uzito, kisha ndipo akaenda kwa mnunuzi. Hakuna aliyehitaji silaha wala maneno makali. Ilihitajiwa mizani nyingine tu.

Kutokana na jambo hilo ndipo ulipoota ushirika wetu. Paul Bomani, kijana aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, alizunguka vijijini akiwaunganisha wakulima. Mwaka 1953 vyama vya msingi vya kwanza viliandikishwa, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana vikawa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojulikana zaidi kwa herufi zake za VFCU. Kinu cha Kasamwa, huko Geita, kikawa miongoni mwa vinu vya kwanza vilivyomilikiwa na wakulima wenyewe. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, ununuzi wa pamba ya Jimbo la Ziwa ulikuwa umekwisha kuwa mikononi mwa vyama vya wakulima, na VFCU ilihesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Bomani mwenyewe akawa Waziri wa Fedha katika Serikali ya Tanganyika huru.

Na tusisahau kwamba mambo hayo yalitendeka wakati chama cha TANU kilikuwa kimepigwa marufuku katika Usukuma, tangu 1954 hadi 1958. Siasa zilipozuiliwa, mkutano wa chama cha ushirika ulikuwa mahali pa watu kujifunza kuchagua viongozi, kuuliza maswali na kutaka hesabu.

ALMASI YA MWADUI

Wakati mkulima akigombania uzito wa pamba, karibu na mji wa Shinyanga ilikuwako mali nyingine. Mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Mwamba ule wenye almasi una upana wa hekta 146, nao ni miongoni mwa miamba mikubwa kabisa ya namna hiyo iliyopata kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 lilipatikana hapo jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Williamson alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza wakati wa arusi yake, nalo baada ya kukatwa likabaki karati 23.6.

Mji wa Mwadui ulijengwa ukawa na hospitali, shule, umeme na kiwanja cha ndege, lakini ulizungushiwa ua. Mwenyeji wa vijiji vya jirani aliingia kwa ruhusa.

Katika habari za Williamson liko jambo moja ambalo mwanachama wa ushirika apaswa kulifikiri. Almasi za dunia wakati ule ziliuzwa kwa njia ya shirika moja lenye makao London, nalo ndilo lililopanga bei. Williamson, ingawa alikuwa tajiri, hakuridhika na bei hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizuia mawe yake, asiyauze, mpaka wakapatana. Aliweza kufanya hivyo kwa kuwa almasi haiozi, na kwa kuwa alikuwa na chakula kesho yake. Mkulima mmoja mwenye magunia machache ya pamba nje ya nyumba, na mvua ya vuli ikikaribia, hawezi kuzuia kitu. Lakini wakulima elfu kumi wenye ghala moja waweza. Hiyo ndiyo maana ya ghala la ushirika. Si nyumba ya kuwekea mizigo tu, bali ni nguvu ya kungoja.

Williamson alifariki mwaka 1958, na mgodi ukauzwa, nusu kwa Serikali ya Tanganyika na nusu kwa kampuni ya De Beers. Baadaye ukawa mali ya umma. Mwaka 1994 De Beers ikarudi na kuchukua asilimia 75, na mwaka 2009 sehemu hiyo ikanunuliwa na kampuni ya Petra Diamonds. Mwezi Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulipasuka, na tope likafunika nyumba na mashamba. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba mali iliyo chini ya udongo na mali iliyo juu yake ni jirani, na mmoja akiugua mwenziwe hapati usingizi.

DHAHABU YA GEITA

Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu wakati wa Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19, lakini uchimbaji mkubwa ulianza katika miaka ya 1930. Mgodi wa Geita ukawa mgodi mkubwa kabisa wa dhahabu katika Tanganyika. Vijana wengi walikwenda kufanya kazi huko, wakarudi na baiskeli, nguo na fedha za kodi. Kisha mwaka 1966 mgodi ulifungwa. Mitambo ikanyamaza. Waliobaki Geita walirudi kwenye jembe na pamba, maana shamba halikuwa limefungwa.

Kwa muda wa miaka mingi baada ya hapo dhahabu ilichimbwa na watu wadogo wenye sululu na karai, katika maduara ya Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu yao. Halafu wakaja wawekezaji wakubwa. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Mwaka 1998 ikatungwa sheria mpya ya madini. Mwaka 2000 mgodi mpya wa Geita ukaanza kuzalisha, wa Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, mwaka 2009. Dhahabu ikawa mali ya kwanza kwa kuiletea Tanzania fedha za kigeni, ikaipita pamba, kahawa na korosho.

Lakini swali la wazee wetu lilirudi: nani ashikaye mzani? Kwa sheria ya mwaka 1998, mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Mwaka 2010 ukapandishwa hadi asilimia 4, na mwaka 2017 hadi asilimia 6, pamoja na asilimia 1 ya ada ya ukaguzi. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirishwa kwa makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu na shaba uliokuwa ukipelekwa nje kuyeyushwa, kwa sababu ilitaka kujua kwa hakika mna nini ndani yake. Mabishano yalikuwa makubwa, na mwisho wake ikaundwa kampuni ya Twiga, ambayo Serikali ina asilimia 16 ndani yake. Tazameni, ndugu wanachama: ni jambo lile lile la miaka ya 1950. Taifa zima lilisimama mbele ya mnunuzi likasema, tupime kwanza sisi wenyewe.

Mwaka 2019 mchimbaji mdogo naye alipata mzani wake. Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio, na mwezi Machi mwaka huo soko la dhahabu lilifunguliwa Geita. Mchimbaji akafika na dhahabu yake, ikapimwa hadharani, bei ikasomwa, akapewa stakabadhi. Kabla ya hapo wengi waliuza gizani, kwa mtu aliyewakopesha unga na maji, kwa bei aliyoitaja yeye.

Mwaka 2021 uzalishaji wa Buzwagi ulifikia mwisho, baada ya miaka 12 tu. Mtoto aliyezaliwa mgodi ulipofunguliwa alikuwa bado yuko shule ya msingi ulipofungwa. Hatusemi hivyo kwa kuwalaumu wenye mgodi. Dhahabu ikiisha imekwisha. Twasema hivyo ili kila baba na kila mama ahesabu.

MAKOSA YA USHIRIKA

Isingekuwa haki kuwasema wanunuzi wa zamani na makampuni ya madini, tukanyamaza juu ya makosa ya vyama vya ushirika. Kitabu cha sherehe kisichotaja makosa ni kama daftari lenye mapato bila matumizi.

VFCU ilikua upesi mno. Watumishi waliongezeka, gharama zikapanda, na kila gharama ilikatwa katika bei ya mkulima. Makarani wa mizani, waliowekwa ili kumlinda mkulima, wengine wakaanza kumpunja yeye yule. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, na mwaka 1968 shirikisho lile likafanywa upya likawa Nyanza Co-operative Union. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Mkulima akabaki bila chama, na mara nyingi bila malipo kwa wakati. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama, na mwaka 1984 Chama Kikuu cha Mkoa wa Shinyanga, SHIRECU, kiliandikishwa.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Vyama vikuu vya Kanda ya Ziwa, ambavyo vilikuwa vimekwisha lemewa na madeni, havikuweza kushindana, na vinu vingi vikasimama. Pamba yenyewe haikufa: katika msimu wa 2005/06 nchi ilivuna zaidi ya tani 370,000 za pamba mbegu. Lakini mavuno makubwa bila chama imara hayakumpa mkulima bei nzuri, na misimu iliyofuata wengi waliacha kulima. Katika msimu wa 2018/19 ununuzi wa pamba ulirudishwa katika vyama vya msingi vya wakulima. Kwa hiyo kizazi hiki kimepewa tena kitu ambacho vizazi viwili vilivyotangulia vilikipata na kukipoteza.

Wazee husema, mali bila daftari huisha bila habari. Vyama vile havikuuawa na adui kutoka nje peke yake. Vilikufa siku wanachama walipoacha kuuliza, na viongozi wakafurahi kutoulizwa.

UDONGO WENYEWE

Bado iko mali moja tusiyoipima kwa mizani, nayo ni udongo. Zamani misitu ya Shinyanga ilikatwa ili kumfukuza mbung'o, kisha ili kupata mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe. Upepo ukachukua udongo, visima vikakauka, na akina mama wakatembea mbali kutafuta kuni. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu wake walifanya jambo la busara: badala ya kuleta desturi ngeni, waliirudia desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kulitenga eneo la majani na miti lisiguswe wakati wa masika, ili lije kufaa wakati wa kiangazi. Mradi ulipoanza ngitili zilizobaki zilikuwa hekta mia chache tu; kufika miaka ya mwanzo ya karne hii zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Basi ardhi iliyochoka yaweza kuponywa, na walioiponya hapa ni wakulima na wafugaji wenyewe. Lakini maduara yasiyofukiwa, miti inayokatwa kwa ajili ya kuegemeza mashimo, na zebaki inayomwagwa kando ya mito baada ya kuoshea dhahabu, vyaweza kuiua tena. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020; yafaa mkataba huo ujulikane kando ya mialo kama unavyojulikana ofisini.

YANAYOTUPASA

Siku hizi vijana wengi wa vyama vyetu huacha shamba na kwenda machimboni. Hatuwakatazi. Wengi wao wamejenga nyumba na kusomesha wadogo zao kwa dhahabu, na wakazi wa machimbo ndio wanunuzi wa mpunga na mahindi yetu. Lakini twawakumbusha methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Geita ya kwanza ilifungwa 1966, Buzwagi 2021. Anayepata fedha ya dhahabu na aigeuze kuwa mali isiyokwisha: ng'ombe, jembe la kukokotwa, karo ya mtoto, hisa za chama.

Mwanachama, yakupasa mambo matatu. Usimwage pamba yako mzanini kabla hujaisoma bei na kuona mzani umekaguliwa. Usiondoke bila stakabadhi, na stakabadhi uitunze. Usikose mkutano mkuu, na ukiwa mkutanoni uliza.

Kiongozi na mtumishi wa chama, mzani ulio mbele yako si wako. Watu waliusimamisha wakati ambapo kuusimamisha kulikuwa ni ujasiri. Ukiuegemeza kwa kidole chako, hata kwa nusu kilo, umerudisha duka lile la zamani ambalo babu yako alilikimbia.

Nasi sote tulio katika Chama Kikuu tuna kazi ya miaka kumi ijayo. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu, karibu theluthi moja tu ndiyo nyuzi. Inayobaki ni mbegu, ambayo ndani yake mna mafuta ya kula na mashudu ya ng'ombe. Na hizo nyuzi nazo, sehemu kubwa huvuka bahari, zikarudi kwetu zikiwa nguo. Warongo walichimba, wakayeyusha, wakafua, wakauza jembe lililokamilika. Sisi tuliowafuata tumeuza mawe na marobota. Mwaka 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma, na hivyo mlango wa mtaji umefunguliwa kidogo zaidi kuliko zamani. Kinu kinachofanya kazi, kiwanda kidogo cha mafuta, ghala lisilovuja: mambo hayo hayapiti uwezo wa watu ambao wazee wao walianza na mizani moja.

Tunawatakia wanachama wote sikukuu njema na msimu wenye mvua ya kutosha. Uhai wa chama hiki umo katika stakabadhi iliyomo mfukoni mwa kila mmoja wenu; itunzeni.